KONA YA VITABU: Tumerudi tena ndani ya kabati

Poleni na mvua na matope. Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya utunzaji wa madaftari, lakini hilo litangoja kidogo. Tumesoma tena vile vitabu tunavyovipenda kupita vyote, vitabu vya nchi ya Narnia, na tumeshindwa kunyamaza.

Kwa wasiovijua: vitabu hivi ni saba. Aliviandika C. S. Lewis, mzaliwa wa Belfast, na vilitoka kimoja kila mwaka kuanzia 1950 hadi 1956. Yeye aliandika kwa Kiingereza, ila hivi vyetu ni vya Kifaransa, vimechakaa, na kimoja hakina jalada. Humo kuna wanyama wanaosema, kuna simba mkubwa Aslan, kuna Mchawi Mweupe aliyeifunga nchi nzima katika baridi isiyokwisha. Mlango wa kuingilia ni kabati la nguo. Unasukuma makoti, unasukuma tena, mara unakanyaga theluji, na mbele yako kuna nguzo ya taa inawaka porini peke yake.

Mara ya kwanza tulivisoma tukiwa darasa la sita. Tulivisoma na kaka yetu mkubwa, yeye akitafsiri maneno magumu na sisi tukishika kibatari. Tulivisoma ovyo ovyo, maana vilitufikia ovyo ovyo: cha tano kabla ya cha pili, na cha mwisho kabla ya cha tatu. Wapenzi wa Narnia huko duniani hubishana sana kuhusu mpangilio. Wengine wanafuata miaka ya kutolewa, wengine wanafuata miaka ya Narnia yenyewe, na Lewis aliwahi kumwandikia mtoto mmoja barua mwaka 1957 akikubaliana na hao wa pili. Pamoja na hayo sisi tunashauri: anzeni na kile cha simba na kabati. Ukijua mapema nguzo ya taa ilitoka wapi, utamu unapungua.

Sasa tumerudia kwa mpangilio, tukiwa walimu, na kila Jumamosi tunawasimulia watoto kwa Kiswahili. Kumbe kitabu kile kile si kile kile.

Jambo la kwanza. Tulipokuwa wadogo hatukuona kabisa kwamba hadithi inaanza na watoto waliokimbizwa. Peter, Susan, Edmund na Lucy wanaondolewa London kwa ajili ya mabomu ya ndege, wanapelekwa kwa mzee wasiyemjua. Na hili halikubuniwa. Mwanzoni mwa Septemba 1939, kwa siku chache tu, Uingereza ilihamisha watu wapatao milioni moja na nusu, wengi wao watoto wa shule, wakiwa na kikaratasi chenye jina kimefungwa kwenye koti. Lewis mwenyewe alipokea wasichana wa namna hiyo nyumbani kwake karibu na Oxford. Tulipowaambia watoto, mmoja akauliza, "Hata wazungu walikuwa na karatasi za majina?" Ndiyo, hata wao.

Jambo la pili ni Edmund. Si mnakumbuka? Mchawi anampa pipi laini za Kituruki na kumuahidi ufalme, naye anawaacha ndugu zake mezani na kwenda kuwauza. Utotoni tulimchukia. Tulikuwa tukiruka kurasa zake. Safari hii tumemsoma polepole, tukamwona mtoto mwenye baridi, anayeonewa na mkubwa wake, mwenye tamaa ya kitu kitamu. Hatusemi alifanya vizuri. Tunasema tumemwona.

Darasani watoto waligawanyika. Wengi walisema asirudishwe. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida hasemi, akasema, "Lakini wakimuacha, watabaki watatu, na viti ni vinne." Ni kweli, kule Cair Paravel viti vya enzi ni vinne. Darasa likanyamaza.

Edmund aliporudishwa, Aslan alimchukua pembeni wakatembea wawili tu, na mwandishi hatuambii waliongea nini. Kisha simba anamleta kwa ndugu zake na kuwafahamisha kwamba yaliyopita hayana haja ya kusemwa tena. Baadaye Edmund ndiye anayeivunja fimbo ya mchawi vitani, anaumia vibaya, na mwishowe anaitwa Mwenye Haki. Na kuna kitu tulichokipita bila kukiona hapo zamani. Katika kile kitabu cha farasi na mvulana (1954), mwana wa mfalme anayeitwa Rabadash anakamatwa baada ya kuivamia nchi jirani kwa hila wakati wa amani. Wengi wanataka afe. Anayemuombea nafasi ni Edmund, sasa mfalme mtu mzima. Anasema anamjua msaliti mmoja aliyetengenea. Jina halitaji.

Hapa lazima tuseme ukweli, maana safu hii ni ya familia. Kaka yetu yule aliyetutafsiria, miaka minne iliyopita aliuza kadi ya mgao ya nyumba yetu akaondoka kambini. Tulikaa muda mrefu tukila kwa majirani kabla kadi haijarekebishwa. Mama alisema jina lake lisitajwe, na sisi hatukulitaja. Mwaka huu, mwanzo wa mvua, alirudi. Akawa analala kwa jirani. Asubuhi anapita mbele ya mlango wetu, anasalimia, mama haitikii. Na sisi, tunaowafundisha watoto wa watu habari za Edmund, tulikuwa tunainamisha kichwa kwenye daftari mpaka apite.

Jambo la tatu. Katika kitabu cha pili, cha Kaspian (1951), wale watoto wanne wanarudi Narnia. Kwao umepita mwaka mmoja tu, kule zimepita mamia ya miaka. Wanafika kwenye magofu na hawajui ni wapi. Wanatambua kidogo kidogo: bustani ya matofaa waliyoipanda wenyewe imesogea mpaka langoni, kuna kisima, halafu Susan anaokota farasi mdogo wa dhahabu wa mchezo wa chesi. Ni nyumbani kwao. Walitawala humo.

Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, na sisi kwetu tutapajuaje?" Wengi wao wamezaliwa hapa kambini. Tukawapa kazi: kila mmoja akawaulize wazazi alama tatu za nyumbani. Mti gani, maji gani, jiwe gani. Wazazi, asanteni sana, majibu yalikuwa mazuri. Kuna aliyeandika kanisa lenye kengele iliyopasuka, kuna aliyeandika msikiti na mnazi mmoja, kuna aliyeandika njia ya ng'ombe.

Basi wakatugeukia: "Na wewe mwalimu, zako?" Hatukuwa nazo. Tulivuka ziwa tukiwa na miaka miwili, mgongoni. Mama hapendi kuulizwa, na baba tulimzika hapa hapa. Anayeikumbuka ile nyumba alikuwa mmoja tu, naye tulikuwa tunampita njiani.

Tulichelewa siku tatu. Siku ya nne tulimwendea jioni na lile daftari. Tulimwambia ni kazi ya shule. Akaja nasi, akakaa nje kwenye benchi, hakuingia. Akaanza: mlango ulikuwa wa rangi ya bluu. Nyuma kulikuwa na jiwe la kunolea visu, baba alilitoa mtoni. Na upande wa ziwa kulikuwa na mwembe mkubwa.

Ndani, sauti ya sufuria ikasimama. Mama akasema, "Haikuwa mwembe ile. Ilikuwa avoka."

Kaka akasema, "Ndiyo mama. Ilikuwa avoka."

Ndiyo yote waliyosema siku hiyo. Lakini sahani zilitoka nne. Hatuwezi kuwaambia kwamba mambo yamekwisha. Kadi iliuzwa, na njaa ile tuliila sisi. Anakuja jioni, anakula, anarudi kulala kwa jirani. Ila sasa mama anaitikia salamu.

Tusije tukasema vitabu hivi havina kasoro, tungekuwa wapenzi vipofu. Watu wa Kalormen, wenye ngozi nyeusi-nyeusi na vilemba, wamechorwa wakali na wakatili kwa wingi, na hilo safari hii lilituuma. Ni kweli kwamba katika kitabu cha mwisho askari wao Emeth anapokelewa na Aslan, na Aravis, binti wa huko huko, ni shujaa. Lakini wawili si wengi. Na Susan, aliyeokota yule farasi wa dhahabu, mwishoni anaachwa nje kwa sababu amejali rangi ya midomo na mialiko. Tulibishana na kaka yetu usiku mzima juu ya hili. Yeye anasema hadithi ya Susan haijaisha, kitabu ndicho kimeisha. Safari hii tumekubaliana naye.

Watoto wanaotaka kusikiliza waje Jumamosi saa tisa, chini ya mti wa darasa la nne, mvua isiponyesha. Tumefika kwenye kitabu cha tatu, wamepanda meli. Mtafsiri wa maneno magumu tunaye. Na wazazi ambao bado hamjawapa watoto alama tatu, tunaomba msichelewe kama sisi.

Mwezi ujao: madaftari, kwa kweli. Kaeni salama.