Watoto Wafunzwe Kugawa Fedha

Goweko, mkoani Tabora, ni kituo cha Reli ya Kati katika nchi ya wakulima. Kama ilivyo mahali pengi Unyamwezi, mkulima wa tumbaku hulipwa kwa msimu, wala si kwa mwezi. Fedha huja kwa mkupuo. Mahitaji huja kila siku. Kwake yeye, kujua kugawa fedha ni sehemu ya kilimo chenyewe.

Lakini wengi wetu huanza kujifunza elimu hiyo ukubwani, baada ya fedha za msimu kwisha kabla ya mvua za kwanza. Hatuna budi kuianza utotoni.

Katika karne ya 19, misafara ya Wanyamwezi ilipopeleka pembe za ndovu pwani, wavulana walifuatana na wakubwa wao wakiwa na pembe ndogo mabegani. Faida ya mzigo ule ilikuwa kulizoeza bega. Fedha nazo zataka bega lililozoezwa.

Wapo wazazi wasemao kwamba kumpa mtoto fedha ni kumharibu. Ni kweli, iwapo anapewa ovyo kila anapolia. Lakini shilingi 500 zinazotolewa siku moja maalumu ya juma, bila nyongeza, ni somo. Akizimaliza zote siku ya kwanza kwa maandazi, mzazi asimwongeze. Afadhali ajute leo kwa shilingi 500 kuliko kesho kwa malipo ya msimu mzima. Asiye na uwezo huo ampe mtoto kuku mmoja, na mayai yakiuzwa, mtoto aulizwe: utatumia ngapi, utaweka ngapi?

Katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi wafanye kazi katika shamba la shule, na pia washiriki kuamua matumizi ya mapato yake. Mara nyingi tulikumbuka jembe tukasahau uamuzi. Mtoto anayelima au kuuza, kisha asijue fedha zimekwenda wapi, amefundishwa nusu ya somo.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi: siku ya malipo ya tumbaku, watoto waitwe fedha zinapogawanywa. Waone fungu la deni la mbolea, la chakula, la daftari na la akiba. Fedha zikihesabiwa gizani, mtoto hujifunza kuzitumia gizani.