Msamaria wa Kibimba

Basi bwana, Luka 10 ile ya Yeriko, leo tuihamishie Kibimba. Mwaka 1995 jamaa katoka Biharamulo kwenda Ngara na baiskeli. Porini majambazi wakamkomba mpaka viatu, wakamwacha chali, damu tupu.

Akapita mchungaji na pikipiki, anawahi semina. Akaongeza moto! Akapita mwenyekiti, anawahi kikao. Naye huyoo!

Mara mkimbizi wa Benaco, mmoja wa wale 250,000 waliovuka Rusumo Aprili 1994. Akatua kuni zake, akambeba hadi zahanati, akamwachia mganga mahindi yake ya mgao: "Yasipotosha, nitarudi."

Jana yake majeruhi alisema, "Wakimbizi wezi wote." Haya msomaji, jirani yake nani?