Uigizaji si Pambo la Mgeni Rasmi

Mwezi Machi 2014 tulikuwa wazee watano barazani mjini Kasulu, sote walimu wastaafu, tukinywa kahawa na kupokezana gazeti moja. Ukurasani palikuwa na picha ya Lupita Nyong'o wa Kenya, ameshika sanamu ya Oscar aliyoipata kwa filamu ya 12 Years a Slave. Tulifurahi kana kwamba tumemzaa sisi. Mmoja wetu akatamka kwa sauti, "Huyu ni binti yetu!" Sote tukaitikia. Usiku ule ule tuzo ya mwigizaji mkuu wa kike ilikwenda kwa Cate Blanchett, mzaliwa wa Melbourne, Australia, lakini huyo hatukumshughulikia. Tulikuwa na wetu.

Aliyetuletea kahawa alikuwa mjukuu wa mwenye nyumba, msichana wa kidato cha pili. Akainama kuweka birika, akasema kwa adabu, "Babu, hata mimi nataka kuwa mwigizaji." Babu yake akamjibu kwamba asome kwanza, na hayo mambo ya wahuni awaachie wahuni. Wazee tukacheka. Nami nilicheka. Dakika tano tu zilikuwa zimepita tangu tulipomwita Lupita binti yetu.

Naandika kwa sababu ya kicheko kile. Nimekuwa mwalimu miaka 37, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa mkuu, kwanza wa shule na baadaye wa chuo cha ualimu katika nyanda hizi za juu za Kigoma. Kwa hiyo ninapowashutumu wakuu, nianze na mimi mwenyewe. Dai langu ni hili: uigizaji ni kazi ya elimu, sawa na hesabu na kusoma, na sisi tuliokabidhiwa shule tumeufanya pambo la mgeni rasmi.

Kila aliyepita shuleni anaijua ratiba ya sherehe zetu. Mgeni rasmi anawasili saa mbili baada ya saa iliyopangwa. Kwaya inamwimbia. Watoto wanaghani ngonjera yenye kumsifu yeye, serikali na uongozi wa shule. Mwishoni huja igizo la dakika kumi, nalo ndilo la kwanza kukatwa muda ukiwa mfupi. Ngonjera ilikuwa na heshima yake. Mathias Mnyampala aliitunga ili watu wabishane kwa hoja hadi wafikie ukweli. Sisi tuliondoa ubishi tukabakiza makofi. Hata tamthiliya tulizofundisha tulizifundisha kwa ajili ya mtihani. Nilifundisha Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa miaka mingi. Nilitaja wahusika, dhamira na tamathali za semi, na katika miaka yote hiyo hakuna mwanafunzi wangu aliyesimama akaitamka hata kurasa mbili mbele ya watu. Ni sawa na kufundisha kuogelea ubaoni.

Wenzangu husema kwamba hatuna mfano wetu wa kuwaonyesha watoto. Si kweli. Mfano tunao, ila hatukuutazama. Amandina Lihamba alizaliwa mwaka 1944 na akawa profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1980 ilichapishwa tamthiliya yake ya Hawala ya Fedha, aliyoitoa katika hadithi ya Sembene Ousmane wa Senegali. Mwaka 1982 ikafuata Harakati za Ukombozi, aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya. Mwaka 1992 Mkutano wa Pili wa Ndege. Mwaka 1985 alikamilisha shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha. Mwaka huo huo alionekana katika filamu ya Arusi ya Mariamu. Huyo ni mwandishi, mtafiti, mwalimu na mwigizaji kwa wakati mmoja. Nani atamwita mhuni?

Katika filamu ya Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill, Lihamba aliigiza Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili, ambaye amenyamaza miaka mingi kwa sababu ya mambo aliyoyaona utotoni. Filamu hiyo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania Oscar, mwaka 2001. Ya pili ilikuwa Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022. Msomaji, hesabu mwenyewe miaka iliyo katikati. Nchi iliyoacha miaka 21 ipite kati ya filamu moja na nyingine haina haki ya kulalamika kwamba watoto wake hawana mifano.

Kwa maoni yangu, kazi yake kubwa kuliko zote haikufanyika mbele ya kamera. Mwaka 1996 yeye na Penina Mlama, ambaye ndiye Penina Muhando niliyemtaja, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana waliulizwa ni mambo gani yanawakwamisha masomo. Wakayachambua, wakayageuza maigizo, kisha wakayaonyesha mbele ya walimu na wazazi wao wenyewe, yaani mbele ya wale wale waliokuwa wakiwakwamisha. Baada ya igizo palikuwa na mjadala. Baadaye mpango huo ukaenea katika nchi nyingine za Afrika. Huo ndio uigizaji ninaousema. Mtoto ambaye hathubutu kumwambia baba yake neno lolote uso kwa uso, anaweza kulisema akiwa amevaa khanga ya mtu mwingine na kutumia jina la mtu mwingine, na baba akalisikia.

Turudi kwa yule Mwaustralia tuliyempuuza. Cate Blanchett alihitimu mwaka 1992 katika chuo cha taifa cha sanaa za maigizo huko Sydney. Alianza jukwaani, ndipo akaenda kwenye filamu. Kuanzia mwaka 2008 yeye na mumewe waliongoza kampuni kubwa ya maigizo ya mji ule ule wa Sydney. Mwaka 2016 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi likamteua kuwa Balozi Mwema wake. Sisi wa Kibondo na Kasulu shirika hilo hatusimuliwi. Magari yake meupe yametutimulia vumbi miaka mingi kwenda Nduta na Nyarugusu. Shirika hilo liliona kwamba mwigizaji anaweza kusema kwa niaba ya mkimbizi. Mimi, niliyekaa jirani na kambi hizo, sikuona kwamba mwigizaji anaweza kusema kwa niaba ya mtoto wa darasa la sita. Acha nieleze.

Ilikuwa mwaka 1998. Chuo nilichokiongoza kilikuwa na shule ya mazoezi, na wanachuo wawili waliwasaidia wasichana wa darasa la sita kutunga igizo kwa ajili ya Siku ya Wazazi. Lilihusu baba aliyepokea mahari ya binti ambaye bado yuko darasani. Jioni ya kuamkia sherehe nilikwenda kutazama mazoezi. Aliyeigiza binti alikuwa mtoto mwembamba kutoka kijiji kimoja cha njia ya Kibondo. Alipofika mahali pa kumjibu baba, aliacha Kiswahili akasema kwa Kiha, polepole, kama mtu anayeongea peke yake jikoni. Wenzake wakasahau kwamba ni mazoezi. Mwalimu mmoja akaninong'oneza, "Mkuu, hayo ya nyumbani kwao hayako mbali na hayo."

Ningepaswa kumwuliza zaidi. Badala yake nilimfikiria mgeni rasmi, na wazazi watakaoona wametukanwa, na barua zitakazoandikwa kunilalamikia. Usiku ule nilichukua kalamu nyekundu nikalifuta igizo kwenye ratiba, nikaweka wimbo wa pili wa kwaya. Sababu niliyowapa walimu ni kwamba muda hautoshi. Asubuhi yule mtoto alinifuata akiwa tayari amejifunga khanga ya maigizo. "Shikamoo, Mwalimu. Sasa sisi tutaigiza lini?" Nikamwambia, "Mwakani." Likizo ikaja, ikaisha, na dawati lake likabaki wazi. Alikuwa ameozwa.

Sidai kwamba igizo lile lingemwokoa. Nasema tu kwamba baba yake alikuwepo uwanjani siku ile, kwenye safu ya tatu, na mtoto alikuwa na neno la kumwambia mbele ya kijiji kizima, na aliyemzuia hakuwa baba. Nilikuwa mimi. Mwaka huo mradi wa Tuseme ulikuwa na miaka miwili. Maprofesa walikuwa wakiwafundisha wasichana kusema, na mimi, mfunza walimu, nilikuwa nikimfundisha mmoja kunyamaza.

Najua hoja za wenzangu. Wanasema mwigizaji wa kike huonekana akikumbatiwa, akilewa, akitukana. Nawauliza: mwalimu anayefundisha dalili za kichocho, je, naye anaumwa kichocho? Wanasema nitazame filamu za video za mjini, zilizopigwa kwa wiki moja na kujaa kelele. Nimezitazama, na nyingi ni dhaifu kweli. Lakini Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza Dar es Salaam kumzika ulionyesha jinsi wananchi walivyo na kiu ya kujiona katika picha. Ikiwa kiu ni kubwa na maji ni machafu, tuchimbe kisima. Kisima cha sanaa ni shule. Lupita mwenyewe alipanda jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14, akiigiza Juliet wa Shakespeare. Binti wa miaka 14 wa Kibondo atapanda jukwaa gani, ikiwa hata lile la Siku ya Wazazi tumelitandika zulia la mgeni?

Wanasema pia hakuna nafasi kwenye ratiba. Hiyo ndiyo hoja ninayoikataa kwa nguvu zote, maana niliitumia mimi mwenyewe na najua ilivyo tupu. Shule ile ile isiyo na nusu saa ya maigizo kwa wiki hupata wiki mbili nzima za kukariri wimbo wa kumkaribisha kiongozi.

Basi ushauri wangu kwa wakuu walioko kazini ni mfupi. Tengeni saa moja kila wiki ya maigizo isiyo na mgeni. Tamthiliya inayosomwa darasani isimamishwe, hata kama ni chini ya mwembe na mavazi ni magunia. Watoto wanaowajua wachezaji wote wa Simba na Yanga wasimuliwe pia maisha ya Amandina Lihamba. Na igizo likiwaudhi wazazi, msilifute; wapeni wazazi nafasi ya kulijibu papo hapo, mbele ya watoto wao.

Siku ya Wazazi ijayo, mgeni rasmi akichelewa, msimsubiri. Anzeni na igizo.