Mbuzi wa Shoo, Mnunuzi wa Marikiti

Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya Barabara ya Digo, nyama huingia soko la Marikiti, Mombasa, mabegani mwa mahamali. Mapaja ya ng'ombe na mbuzi wazima waliochunwa hupitishwa kati ya mafungu ya mchicha na magunia ya iliki na bizari, kisha hutundikwa kwenye kulabu, na ikifika saa tatu mama wa Mji wa Kale ashachagua mbavu za biriani na steki ya mishkaki. Soko hili lilipewa jina la Mackinnon, lakini watu wa Mvita hawalijui ila kwa jina la Marikiti, na tangu 1914 linalisha kisiwa. Mbuzi wake wengi hutoka mbali: Tana River, Garissa, ranchi za Taita Taveta.

Ng'ambo ya Daraja la Nyali kuna uwanja wa Mkomani. Kila mwaka, aghalabu kati ya mwisho wa Agosti na mwanzo wa Septemba, Chama cha Kilimo cha Kenya, ASK, huandaa hapo Maonyesho ya Kimataifa ya Mombasa. Watoto wa shule huletwa kwa mabasi, hupanga foleni, huwatazama fahali walionawiri hadi manyoya yang'ara, kisha hununua aiskrimu na kurudi makwao. Aliyemshika fahali kamba mara nyingi ni mfanyakazi wa ranchi au wa taasisi ya serikali.

Kijana wa Mombasa amekuwa mtazamaji kwa muda mrefu mno. Ashike kamba mwenyewe, na akitoka uwanjani amkute mwenye bucha wa Marikiti akimsubiri na pesa mkononi.

Maonyesho ya mifugo na ufugaji wa vijana si jambo geni nchini. ASK ilianza 1901, enzi za walowezi, na kwa miongo mingi mifugo iliyotuzwa ilikuwa yao. Mwaka 1962, Uhuru ukibisha hodi, zikaanzishwa klabu za 4-K: Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Watu wazima wengi bado wanawakumbuka sungura wa shule na kitalu cha sukumawiki nyuma ya darasa. Klabu hizo zilififia, serikali ikazifufua 2021, na mtaala mpya nao umerudisha somo la Kilimo katika shule za msingi. Hatua hizo zastahili pongezi. Kasoro yake ni kwamba sungura wa shule ni wa wote, na shule ikifungwa haijulikani ni nani wa kuamka usiku kumwangalia.

Mnyama wa shoo hutaka mwenyewe. Mbuzi hubeba mimba siku 150 hivi, na mwanawe huweza kuachishwa ziwa akiwa na miezi mitatu. Hapo ndipo kazi ya kijana wa viungani, kama Mwakirunge au Shika Adabu, huanza. Atanunua daftari aandike kila shilingi: chanjo ya sotoka ya mbuzi, chanjo ya homa ya mapafu, dawa ya minyoo, pumba, chumvi ya kulamba. Pwani ina joto na unyevu, kwa hivyo minyoo na kupe hawana likizo. Atampima uzito na kujua mwezi gani mbuzi amenenepa na mwezi gani amekula bure. Akichagua uzao wa Galla, mbuzi mweupe aliyezoea ukame wa kaskazini, ana mnyama mkubwa kuliko yule mdogo wa kienyeji anayejaa vijijini.

Halafu kuna mafunzo ya kamba. Mbuzi afundishwe kutembea bila kuvutana, asimame kichwa juu na miguu minne sawasawa, huku jaji akimpapasa mgongo, akimfunua meno na kukagua kwato. Mbuzi asiyezoea mkono wa mtu hujulikana mara moja, na hakuna pesa iwezayo kununua mazoea hayo wiki ya mwisho. Kuachana na mbuzi huyo nako ni kuzito. Watoto wa Mji wa Kale wanalijua hili kila Idi ya Kuchinja, wanapomlisha majani kondoo kwa siku chache tu na bado machozi yakawatoka. Aliyelea miezi tisa atahitaji mzazi au mwalimu wa kukaa naye siku hiyo.

Lamu imeonyesha nguvu ya tuzo. Hospitali ya punda ilifunguliwa kisiwani humo mwaka 1987, na wenye punda wamekuwa wakishindanishwa, na anayeshinda ni mwenye punda asiye na vidonda, mwenye kwato nzuri na mwili uliojaa. Kinachopewa zawadi pale ni matunzo, wala si mbio.

Utepe peke yake, hata hivyo, haulipi chanjo. Huko Marekani, vijana huuza wanyama wao kwenye mnada baada ya mashindano, na wenye maduka, benki na bucha za mtaani hununua kwa bei ya juu kuliko ya soko. Mwaka 2022, maksai bingwa wa maonyesho ya Houston aliuzwa kwa dola milioni 1, na sehemu kubwa ya pesa hizo ikaenda kufadhili masomo ya vijana wengine. Mombasa haihitaji milioni hizo. Wachinjaji kumi wa Marikiti wakiahidi kununua mbuzi wawili kila mmoja, kwa bei inayotangazwa mapema, tayari kuna vijana ishirini wenye sababu ya kulea. Hoteli za Nyali na Bamburi nazo zina majiko makubwa.

Mtaji wa mwanzo nao upo katika desturi: mtu humkabidhi mwenzake jike amlee, wagawane wazao. Ranchi au mfugaji mwenye uwezo anaweza kumpa kijana jike kwa masharti hayohayo, yakaandikwa. Na serikali ya kaunti haiwezi kusema haimhusu, kwa kuwa Katiba ya 2010 imezikabidhi kaunti ufugaji, minada ya mifugo, machinjio na udhibiti wa magonjwa ya wanyama. Daktari wa mifugo wa kuwatembelea vijana hao ni wajibu wake, si hisani.

Watakaouliza ardhi iko wapi kisiwani wana haki ya kuuliza. Ng'ombe hapandi ghorofa ya Mji wa Kale. Lakini njiwa, sungura na kuku hawataki shamba. Kuku wa kienyeji walioboreshwa na taasisi ya utafiti ya KALRO, wakichanjwa kideri kwa wakati, watamtosha kijana wa mtaa wa Kibokoni, mradi shoo iwe na daraja la kuku na zawadi yake.

Hesabu ya siku ni nyepesi. Mwanambuzi aliyezaliwa Septemba, shoo ikiisha, huachishwa ziwa Desemba, watoto wakiwa likizoni. Akikabidhiwa kijana mwezi huo, atakaribia kutimiza mwaka milango ya Mkomani itakapofunguliwa tena. Wachinjaji wa Marikiti, idara ya mifugo ya kaunti na ASK wana Oktoba na Novemba za kuketi meza moja na kutangaza bei.