Mashauri kwa Jamaa: Bomba Lililoziba



Jioni moja tulibisha hodi kwa rafiki yetu hapa Bukavu, tukakuta nyumba nzima imenuna. Beseni la jikoni lilijaa maji meusi yasiyotaka kushuka. Mama aliyachota kwa sufuria na kuyamwaga nje, nayo yakateremka kilimani hata uani kwa jirani wa chini, mahali wanapocheza watoto. Baba aliketi tu, akisema: «Ni kosa la wanawake. Kesho nitamwita fundi.» Lakini fedha za kumlipa fundi zilikuwa zile zilizowekwa kwa masomo ya kijana wao.

Tukavua koti, tukaomba ndoo. Haikupita saa moja, maji yakashuka. Twawaeleza hapa jinsi ilivyofanyika.

Kwanza yafaa kujua sababu. Mafuta ya mawese yakiwa moto hutiririka kama maji. Yakipoa huganda, na katika mji wetu wenye baridi huganda upesi ndani ya bomba. Juu yake hunata chembe za bugali na sombe, pamoja na majivu na mchanga wa kusugulia sufuria. Hivyo njia hufungwa kidogo kidogo, wala hakuna mtu mmoja aliyeifunga kwa siku moja.

Sasa tuje kazini. Choteni maji machafu na kuyatia ndooni. Mimineni maji ya moto yenye sabuni, lakini yasiwe ya kuchemka, kwa maana bomba la plastiki hulegea. Ngojeni robo ya saa. Yasiposhuka, twaeni kikombe cha mpira chenye mpini. Kama hamnacho, fungeni kitambaa kinene kwenye ncha ya fimbo. Beseni likiwa na tundu la pili karibu na ukingo, lizibeni kwa kitambaa kibichi, ili nguvu isipotee. Kisha, maji yakiwa yamefunika mpira, sukumeni na kuvuta mara ishirini.

Ikiwa bado, inameni mtazame chini ya beseni. Hapo bomba limepindwa kama shingo ya bata. Maji yanayobaki katika pindo lile huzuia harufu mbaya isipande nyumbani. Lakini ndipo uchafu unapolala. Wekeni ndoo chini yake, fungueni pete zake kwa mkono, toeni uchafu kwa waya, osheni. Rudisheni kila mpira mahali pake, kazeni, mimineni maji, mtazame kama yadondoka.

Jihadharini! Soda kali ya watengenezaji sabuni huunguza ngozi na macho. Tena msichanganye kamwe javeli na siki wala na asidi yoyote: hutoa hewa yenye sumu. Na kama mabomba yote ya nyumba yamekwama pamoja, kizuizi huenda kiko nje, karibu na shimo; hapo mwiteni fundi bila haya.

Ili ubaya usirudi, futeni mafuta ya sufuria kwa karatasi au jani la mgomba kabla ya kuosha, na kuweka kichujio kidogo mdomoni mwa bomba. Majivu na mchanga vitupwe shimoni mwa takataka.

Huenda baadhi ya akina baba watasema: «Mimi ni mtu wa kalamu, kuinama chini ya beseni si heshima yangu.» Wakumbuke kwamba mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mlezi wa Bwana wetu alikuwa fundi wa mbao, naye Yezu mwenyewe aliitwa seremala. Uchafu wa mikono huondoka kwa sabuni; neno la kumlaumu mke mbele ya watoto haliondoki upesi.

Rafiki yetu alilitambua hilo. Kijana wake alipokuwa akimshikia taa, yeye mwenyewe alikaza pete ya mwisho. Kisha alimwambia mkewe: «Mama, unisamehe.» Akatwaa jembe na ndoo ya maji safi, akateremka kwa jirani kusafisha ua na kuomba radhi. Fedha za masomo zilibaki sandukuni.