Ndinga Imevikwa Nailoni, Dereva Kakatwa Mshahara

Watoto wa mjini wengi wameshaiona ile video. Msanii wa Bongo Fleva mwenye ngoma mbili kali mwaka huu na Range jeusi lililotua bandarini juzi tu, kaposti mafundi wawili wakinyunyiza maji kwenye boneti, wakitandaza plastiki angavu, wakiisugua kwa raba mpaka povu lote likatoka. Chini kaandika: "Linda mali yako." Gari zima limevikwa, kuanzia bampa la mbele mpaka mlango wa buti. Bei milioni saba. Kaitaja mwenyewe, mara tatu ndani ya dakika moja, kwa hiyo hakuna ubishi kwamba bei ndiyo ilikuwa habari yenyewe. Makopakopa yakamwagika. "Mwamba." "Mwenye nayo kaamua." "Sisi acha tufunge rimoti."

Hiyo komenti ya rimoti ndiyo pekee iliyogonga ndipo.

Maana kitu chenyewe ni kilekile. Kila mtu anaijua ile sebule ambayo sofa lina nailoni ya dukani mwaka wa nne sasa, ukikaa na kaptula mapaja yanagandia. Rimoti imefungwa mfuko na mpira wa manati, namba hazisomeki tena. Vikombe vizuri viko kabatini vinamsubiri mgeni ambaye haji. Siku nailoni inachanika sofa lenyewe limeshaliwa na panya kwa chini, na hakuna mtu ndani ya nyumba ile aliyewahi kulikalia kwa raha.

Sasa hii ya magari inaitwa PPF. Si ule mfuko wa pensheni, ule uliunganishwa kwenye PSSSF mwaka 2018, ingawa kwa milioni saba mtu angetegemea kulipwa kitu uzeeni. Ni plastiki ya poliuritheni, unene wake mikroni 150 mpaka 200 hivi. Rangi yote ya gari toka kiwandani, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na ile klia ya juu inayong'aa, huwa kati ya mikroni 100 na 150. Yaani nguo ni nene kuliko ngozi. Asili yake ni jeshi la Marekani, wakati wa vita vya Vietnam, walipokuwa wanafunika mapanga ya helikopta yasiliwe na mchanga na vumbi. Na inafanya kazi, hapo hakuna wa kubisha. Kokoto ikigonga, plastiki inabonyea na kumeza kipigo. Zile za daraja la juu hata mkwaruzo mdogo unajifuta wenyewe zikipata joto, na joto Dar halijawahi kuuzwa.

Lakini kokoto ipi?

Huyu bwana anakaa Mbezi Beach, studio yake iko Sinza, bata lake liko Masaki. Hiyo ni njia ya foleni mwanzo mwisho. Gari lake likifika kilomita 50 kwa saa pale Mwenge, ujue ni Jumapili alfajiri. Na kokoto bila mwendo haina kazi. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kipigo inaongezeka mara nne, ndiyo maana magari ya barabara kuu yanarudi yamechubuka usoni na ya mjini yanachubuka ubavuni. Adui wa rangi ya gari Dar ni usukani wa bodaboda anayejipenyeza kati ya magari mawili, anakwangua, anainua mkono kuomba radhi huku keshafika Morocco. Ni bajaji. Ni kunguru, ambaye kinyesi chake kikikaukia juani kinaila klia, na dawa yake ni maji ya mapema tu. Ni kijana wa kuosha magari aliyedondosha kitambaa mchangani, akakiokota, akaendelea kufuta. PPF itasaidia kidogo kwa kunguru na kwa kitambaa. Kwa bajaji, mlango utabonyea pamoja na nailoni yake.

Halafu hiyo "mpya". Range lenyewe ni la 2013, limetoka Uingereza. TRA wana ushuru maalumu wa uchakavu kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo serikali ilishaliandika kuwa chakavu kabla halijatoka getini. Hakuna aibu hapo, nusu ya mji inaendesha chakavu na maisha yanaenda. Aibu ni kulivika sare ya bwana harusi. Gari la umri ule lilikuja na alama zake za mawe ya huko lilikotoka, ndiyo maana boneti ilipigwa rangi upya kwanza, kisha nailoni ikabandikwa juu yake haraka haraka ili video isichelewe. Fundi rangi yeyote wa Ilala angemwambia bure kwamba rangi ya gereji inahitaji wiki kadhaa kukomaa, na kwamba siku ya kubandua, PPF inaweza kuondoka nayo kama ganda la ndizi. Rangi ya kiwandani imeokwa kwenye joto kali na inashika. Ya uchochoroni, inategemea na fundi aliamkaje.

Kwenye video hiyohiyo jamaa anaonya kuhusu kutu. Chumvi ya bahari, anasema, jiwe likichubua tu kutu inaingia. Ni kweli kabisa kwa gari la chuma, na mwenye gari la chuma anayekaa karibu na bahari asilale na kidonda kilichofika kwenye bati. Ila bodi la Range toleo lile, lililoanza kuuzwa 2012, ni la alumini. Halishiki ile kutu nyekundu anayoitishia watu. Milioni saba kuzuia ugonjwa ambao mgonjwa hana.

Hayo yote yangebaki kuwa utani wa mjini. Hela yake, gari lake, atalivika hata kanzu. Tatizo liko kwa mtu ambaye hayupo kwenye video.

Mtu wa karibu na timu ile anasema nailoni ilikuja baada ya safari ya Dodoma. Dereva alipelekwa na vifaa vya shoo, akaambiwa arudi usiku uleule kwa sababu bosi ana kikao cha picha asubuhi. Wanaoijua barabara ya Morogoro wanajua maana yake. Kuanzia Chalinze kuja Dar unaungana na malori ya kokoto yanayoshuka kutoka Lugoba, pamoja na msururu wa malori marefu yanayotoka Zambia na Kongo. Mengine yamefunikwa turubai, mengine turubai limekunjwa pembeni kama pambo. Na kokoto nyingi hata hazidondoki kutoka kwenye lori, ziko tayari barabarani, ni matairi yanayozirusha. Dawa yake ni kuacha nafasi kubwa mbele. Dereva mwenye haraka ya bosi hana nafasi ya kuacha, anakaa mgongoni mwa lori akisubiri upenyo wa kupita. Akarudi na alama mbili kwenye boneti, kila moja saizi ya punje ya mchele.

Akakatwa laki moja na nusu kwenye mshahara wa laki tatu na nusu.

Hapa ndipo utani unaisha. Jiwe la barabarani si uzembe wa mtu. Na hata ungekuwa uzembe, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu bosi kuamka asubuhi na kukata anavyojisikia. Hasara lazima iwe imetokana na kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi, apewe nafasi ya kupinga, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Robo ya laki tatu na nusu ni 87,500. Kilichozidi hapo hakina jina zuri. Kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwa ajili ya mambo haya haya, lakini dereva wa staa anajua akienda huko leo, kesho hakuna staa mwingine atakayempa ufunguo. Kwa hiyo kanyamaza. Bosi kaposti "Linda mali yako," na wenye mishahara kama ya yule dereva ndio waliojaza makopakopa.

Tena inasemwa bima ya gari lile ni ile ndogo, ya 118,000 kwa mwaka, inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na vipande vyako. Bima kubwa kwa gari binafsi huanzia asilimia 3.5 ya thamani. Gari likiwa la milioni 100, hiyo ni milioni tatu na nusu. Milioni saba ni bima kubwa ya miaka miwili kamili. Mtu kachagua kulinda ngozi dhidi ya punje ya mchele, akaacha mwili mzima bila kinga dhidi ya lori lenyewe.

Sasa mgeukie mrembo wa Bongo Movie ambaye siku mbili baadaye alishambuliwa mtandaoni kwa sababu ya gari hilohilo la mwenzake. Yeye kaposti picha kaegemea boneti ya gari lake dogo jeupe, watu wakakuza picha, wakahesabu alama za mawe. "Boneti ina ndui." "Dada hata PPF imekushinda?" Wengine walikuwa wanaandika hayo wakiwa wamesimama ndani ya mwendokasi, wameshika bomba kwa mkono mmoja na simu kwa mwingine.

Kichekesho ni kwamba kati ya hao wawili, anayestahili PPF ni yeye. Gari lake kalichukua dukani likiwa kilomita sifuri. Rangi ni ya kiwandani, bodi ni la chuma, na kila wiki anakwenda Dodoma na kurudi, kama kilomita 900, kwa sababu ana duka la nguo kule na mizigo haiingii vizuri kwenye SGR. Mtu wa namna hiyo akivika uso wa gari tu, yaani bampa, boneti, fenda za mbele na migongo ya vioo vya pembeni, anafanya jambo la akili. Huko ndiko mawe yanakogonga. Paa na mlango wa buti havijawahi kukimbizana na kokoto. Na akivika uso peke yake analipa sehemu ndogo tu ya ile milioni saba.

Hajavika. Alinunua matairi manne mapya na kukata bima kubwa kwanza. Ndui zake anazitibu kwa kichupa cha rangi kilichochanganywa kwa kodi iliyoandikwa kwenye kibati cha gari. Anasafisha, anadondosha tone, anasubiri likauke, biashara imeisha. Kwa mbali huoni. Kwa karibu unaona, na anayekuja karibu kiasi hicho kukagua boneti ya mwanamke asiyemjua ana matatizo yake mengine.

Watetezi wa milioni saba wana hoja moja yenye nyama: kuuza. Ni kweli, mnunuzi wa Bongo akisikia gari "halijaguswa rangi" macho yanamtoka, kwa sababu rangi mpya inamwambia gari liliwahi kupinduka. Kwa gari la dukani, rangi ya kiwandani iliyotunzwa ni pesa. Lakini Range la 2013 ambalo boneti yake imeshapigwa rangi limeshaitoa kafara hoja hiyo. Mnunuzi wake atakuja na fundi, watasikiliza injini, watabonyeza gari kusikia mlio wa miguu, wataangalia kama limewahi kugongwa. Na kufikia hapo nailoni yenyewe itakuwa na miaka yake. PPF nzuri hudumu miaka 5 mpaka 10. Za bei chee zinageuka njano, na kingo zake zinakusanya uchafu mweusi kama kucha za fundi gereji.

Kuna kundi la tatu, wale wanaouza seramiki na kumwambia mteja inazuia mawe. Huo ni uongo mtupu. Seramiki ni tabaka la mikroni chache tu. Inasaidia maji kuteleza, gari linaosheka kirahisi na kung'aa, na hapo ndipo uwezo wake unapoishia. Kokoto ya Lugoba hata haitajua kama seramiki ilikuwepo.

Timu ya msanii ilipoulizwa chini ya posti kuhusu dereva, komenti ya kwanza ilifutwa. Ya pili ikafutwa. Ya tatu ikajibiwa na meneja: "Mambo ya ndani hayo." Laki moja na nusu haijarudi, na siku ya mshahara mwingine ni Ijumaa.