Vespa Huwashwa kwa Kiki, Haitunzwi kwa Kiki

Wadau wa Ifakara ile klipu mmeshaiona. Staa mmoja wa Bongo Fleva, jina kapuni, kakaa juu ya Vespa ya rangi ya dhahabu pembeni ya Mto Kilombero, kifua wazi, miwani ya jua saa kumi na mbili jioni, jua linazama nyuma yake. Laiki zimemiminika kama mvua ya masika. "Moto!" "Unyama mwingi!" "Mzee baba kaua!" Kaua kweli, ila si kwa maana hiyo. Katika komenti zote hizo hakuna aliyeuliza kwa nini injini haisikiki hata sekunde moja.

Haisikiki kwa sababu ilikuwa imekufa tangu asubuhi. Ilipandishwa kwenye kirikuu, ikashushwa mtoni, vijana wanne wakaisukuma huku kamera inachukua. Na yule kijana wa bodaboda aliyetumwa kuiendesha mpaka mtoni, muda huo alikuwa hospitalini na mtulinga umevunjika. Hiyo sehemu haikupostiwa.

Kabla ya dhahabu, Vespa hiyo ilikuwa ya bluu iliyopauka, mali ya mwalimu mstaafu wa Lipangalala. Ililetwa na treni ya TAZARA, ikashushwa stesheni ya Ifakara, na toka siku hiyo ikawa ya kwenda shule, shambani, kanisani, msibani. Mzee hakuwa na gereji. Alikuwa na mwembe uani, spana chache, bisibisi mbili, msasa, na kopo la mafuta ya kula lililojaa nati. Kila baada ya mavuno alikuwa akiifungua, anasafisha kabureta, anakwangua kutu, anarudisha. Vijana wa mtaani walimcheka: "Mzee, nunua boksa, hiyo nyigu yako ipeleke makumbusho!"

Macho yalipoanza kumsumbua, akakubali kuiuza. Staa alifika na wapambe wake.

"Shikamoo mzee. Hiki chuma unaniachia bei gani?"

"Marahaba mwanangu. Bei tutaelewana. Unakwenda kuiendesha au kuipamba?"

"Kuiendesha mzee wangu, wala usiwe na wasiwasi."

Wiki haikuisha, Vespa ikawa mezani kwa fundi. Mashavu yote mawili yakatolewa ili injini "ionekane". Bati linalofunika silinda likatupwa, eti linaficha chuma. Nyuma ikakatwa kwa grainda ili ikae "kihuni". Ekzosi ikatobolewa ipige kelele. Halafu dhahabu ikapulizwa juu ya kila kitu, hata juu ya kutu. Kadi inasema bluu, chombo kinang'aa kama jino la tapeli.

Sasa wapambe wanasema mzee aliuza chuma kibovu, na kwamba Vespa za kizamani ni takataka. Huo ni uongo, na uongo huu umemwacha mtu na mkono kwenye kombeo. Basi ielezwe wazi kilichotokea.

Injini ya Vespa hiyo ni ya mipigo miwili, na haipozwi na maji wala na upepo wa mwendo kama boksa. Iko pembeni ya gurudumu la nyuma, upepo wa mbele hauifikii. Inapozwa na feni iliyoungana na sumaku, na lile bati lililotupwa ndilo linaloupeleka upepo wa feni kwenye silinda. Ukilitoa, feni inapuliza hewani bure na silinda inajipika. Ekzosi nayo kwenye injini ya namna hii si bomba la kutolea moshi tu. Msukumo unaorudi kutoka ndani yake ndio unaozuia petroli mbichi isitoke kabla ya kuungua. Ukiitoboa, unapata kelele na unapoteza nguvu. Kwa hiyo kijana wa watu anakaza mafuta zaidi ili kitembee, na injini inazidi kuchemka.

Kisha pistoni ikavimba kwa joto na kung'ang'ania silinda. Hapo gurudumu la nyuma linafunga ghafla, hata kama hujagusa breki. Ukiwahi kushika klachi, unapona. Usipowahi, unakwenda chini, na kwa tairi ndogo kama zile unakwenda chini haraka. Kijana alizoea boksa. Nani alimwambia kuhusu klachi? Hakuna. Alipewa ufunguo na elfu tano.

Na ile nyuma iliyokatwa? Pikipiki nyingi za siku hizi unaweza kuvua plastiki zote, fremu ikabaki imesimama. Vespa haina fremu nyingine ndani. Bodi ya bati ndiyo fremu yenyewe. Anayeikata kwa ajili ya "muonekano" anakata uti wa mgongo.

Wanaoicheka Vespa kama mdudu wa kizamani wanafaa kujua walichokalia kila siku. Vespa, maana yake nyigu kwa Kiitaliano, ilitoka kwenye kiwanda cha Piaggio mjini Pontedera mwaka 1946. Kiwanda kilikuwa cha ndege, vita vikakivunja, na Italia ilikuwa nchi ya barabara mbovu na watu wasio na hela. Aliyeichora, Corradino D'Ascanio, alikuwa mhandisi wa ndege. Alitaka chombo ambacho mtu wa kawaida atapanda bila kuchafua nguo, atabadilisha giya kwa mkono wa kushoto, na akipata pancha atafungua gurudumu kirahisi. Mwaka 1948 Piaggio wakatoa ndugu yake wa magurudumu matatu, Ape, yaani nyuki. Miaka ya 1960 kampuni ya Bajaj ya India ilikuwa ikitengeneza skuta na vyombo vya magurudumu matatu kwa leseni ya Piaggio. Kwa hiyo bajaji inayokutoa Kibaoni kwenda Viwanja Sitini ni mjukuu wa nyigu huyohuyo. Unamcheka babu ukiwa umekaa mapajani kwa mjukuu.

Hapa watetezi wa staa watauliza: hela yake, mali yake, kosa liko wapi? Mali ni yake, sawa. Shingo ya kijana wa bodaboda si mali yake. Akitaka kuiweka sebuleni kama ua, aiweke, hakuna atakayemfuata. Akimpa mtu mwingine aiendeshe barabarani, haiwi pambo tena.

Watauliza tena: kwani vijana wasibuni? Wabaki na vitu kama vilivyotoka Italia? Hapana, na hapo ndipo mzee wa Lipangalala anapowazidi wote. Yule mzee alibadilisha vitu vingi kuliko staa, ila hakuna anayeviona kwenye picha. Pointi zilizokuwa zikimsumbua kila ukungu wa asubuhi alizitoa, akaweka sumaku na mfumo wa umeme usio na pointi. Alipokosa spea za Italia, alitumia za LML ya India, skuta iliyotengenezwa kwa ramani ya Vespa PX, na nyingi zinaingia bila kulazimisha. Vumbi la barabara ya Kidatu kabla ya lami lilipokuwa likimla pistoni, alitunza chujio la hewa kama mboni ya jicho na kuongeza chujio kwenye mpira wa petroli. Chini ya sakafu alipaka rangi nzito ya kuzuia kutu, kwa sababu tope jeusi la bonde halina huruma na bati. Nyuma akachomelea keria ya kubebea gunia la mpunga, na springi akaweka ngumu zaidi. Petroli alichanganya na oili kwa kipimo, mililita 20 kwa kila lita, kwenye chupa aliyoichora mstari kwa msumari. Hakukadiria kwa jicho hata siku moja.

Hiyo nayo ni kumodifai. Tofauti ni kwamba kila badiliko lilijibu swali la barabara: vumbi, tope, mzigo, kilima. Mabadiliko ya staa yalijibu swali moja tu: picha itatokaje?

Fundi naye asijifiche nyuma ya staa. Alijua. Fundi yeyote aliyefungua injini za aina hiyo anajua lile bati kazi yake nini. Alikubali kwa sababu mteja ni maarufu na gereji ingetajwa kwenye klipu. Fundi anayesema "sawa bosi" kwa kila kitu si fundi, ni mshika spana. Fundi wa kweli ana siku anasema "hii siifanyi, katafute mwingine", mteja ananuna, na mtu anabaki mzima.

Kinachouma zaidi ni kwamba Vespa za namna hii bondeni zimebaki za kuhesabu. Zinachukuliwa kwa wazee na wajane kwa bei ya mbuzi wawili, zinapelekwa mjini kuwa mapambo ya baa na vyombo vya klipu. Chuma kinaondoka, na ule ujuzi wa chini ya mwembe unaondoka nacho, kwa sababu hakuna mjukuu aliyeitwa ashike tochi wakati babu anafungua kabureta. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Waundaji wakiisha, vitaelea kwa siku ngapi?

Staa ana deni, na halihusiani na laiki. Kijana yule hatashika usukani kwa wiki kadhaa, ana familia, na chombo anachofanyia kazi ni cha mkataba, hesabu ya tajiri haisubiri mfupa uunge. Bili ya hospitali na hesabu ya siku zote hizo vinamhusu aliyetoa ufunguo. Akishalipa, airudishe Vespa Lipangalala. Mzee haoni vizuri, lakini masikio na vidole vyake vinafanya kazi, na vijana wenye macho wapo mtaa mzima.

Vespa huwashwa kwa kiki, mguu mmoja, mara moja, kama imetunzwa. Ya staa imepigwa kiki zote za mjini na bado haijawaka.